Kaktasi haichanui? Ilaze kipupwe, ikupe maua kiangazi

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Kaktasi yangu ni nzima, ina rangi nzuri, ina miaka mitatu, mbona haijatoa ua hata moja?" Linalofuata: "Niliinunua ikiwa na ua jekundu juu, likadondoka, basi." Na la tatu: "Imelainika chini, na mimi naimwagilia kila siku. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi makosa yanaanzia kwenye maji. Kaktasi nyingi hutunga matumba baada ya kulala wiki kadhaa bila kunywa, na baridi kidogo ikiongezeka hapo ndiyo bora zaidi. Ukiinywesha mwaka mzima haina sababu ya kulala. Itarefuka, itanenepa, pengine itaoza, lakini maua utayaona kwa jirani. Maua ya kiangazi huandaliwa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, na kazi yako kubwa kipindi hicho ni kulisahau kopo la maji.

Tunaposema kiangazi hapa tunamaanisha kile cha joto, majira ya kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Nyanda za juu matumba huwahi: Septemba au Oktoba, joto likirudi tu, yanaanza kuonekana.

Kwanza jua unachonunua

Si kila chenye miiba ni kaktasi, na si kila kaktasi itachanua ikiwa chunguni. Tazama kwa karibu pale mwiba unapoota. Kwenye kaktasi miiba hutoka kwa fungu, katika kitone kidogo chenye manyoya kama sufi. Mnyaa na ndugu zake wa jamii ya Euphorbia hawana kitone hicho, na ukiwakwaruza hutoa utomvu mweupe kama maziwa papo hapo. Utomvu huo ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo usiwakwaruze kwa mzaha.

Kwa anayeanza, hawa ndio wepesi kuchanua:

- Mammillaria. Vidogo, vya mviringo, vina vinundu kama chuchu mwili mzima. Maua yake ni madogo na hukizunguka kichwa kama ushanga. Kikifika upana wa sm 5 hivi, tayari unaweza kutarajia maua.
- Gymnocalycium. Miiba yake imelala na mwili ni laini kuutazama. Huvumilia kivuli kuliko wenzake, kwa hiyo anafaa wenye roshani isiyo na jua la kutosha.
- Echinopsis. Ua lake ni kubwa, lina shingo ndefu ya sm 15 au zaidi, na spishi nyingi hulifungua jioni. Kesho yake mchana limeshalala. Ukiona tumba limevimba na ncha imeanza kuachia, usipange safari usiku huo.
- Adenium, waridi la jangwani. Si kaktasi, ni mmea wa shina nene linalohifadhi maji. Huu ni wa kwetu kabisa: unaota wenyewe porini Kenya na Tanzania mpaka Arabuni. Kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar ndio chaguo la kwanza.
- Taji la miiba (Euphorbia milii). Asili yake Madagaska. Ukiupa jua la kutosha huchanua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ni wa mtu asiye na subira.

Sasa wale wanaowakatisha watu tamaa. Ile kaktasi ya mviringo yenye miiba ya rangi ya dhahabu (Echinocactus grusonii), inayouzwa kila bustani ya miche, haitoi maua mpaka ifike upana wa sm 30 au 40, na hiyo ni miaka mingi. Inunue kwa umbo lake. Ile ndefu ya uzio (Cereus) nayo huanza ikishapita urefu wa mita moja, na huchanua usiku. Yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya kikonyo cha kijani ni mimea miwili iliyounganishwa: kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kinamnyonya aliye chini, na maisha yake kwa kawaida ni mafupi.

Halafu kuna ua la gundi. Baadhi ya wauzaji hubandika ua kavu la rangi kali juu ya kaktasi kwa gundi ya moto. Ligeuze kidogo: ua la kweli limeota kwenye mwili na ni laini na lenye unyevu, la gundi linakwaruza kama karatasi, na chini yake utaona tone linalong'aa. Usilinyofoe kwa nguvu, utaondoka na ngozi. Liache lidondoke lenyewe.

Vitu vya kuandaa

- Chungu cha udongo wa kufinyanga chenye tundu chini, kipana kuliko mmea kwa sm 2 hadi 3 tu. Kopo la plastiki linafaa, ila hukawia kukauka.
- Mchanga mkubwa wa mtoni. Usitumie wa baharini kwa sababu ya chumvi, wala ule laini wa kupigia lipu, unashikana kama saruji.
- Kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6, au mawe mepesi ya volkano kwa walio karibu nayo.
- Mboji iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu.
- Chenga za mkaa, ukubwa wa punje ya mahindi.
- Chekecheke, kipande cha chandarua kilichochakaa, magazeti, kijiti cha mishikaki, spiriti na pamba.

Hatua

1. Changanya udongo. Pima kwa kopo moja: mboji 1, mchanga 1, kokoto 1, chenga za mkaa nusu. Kwa pwani na maeneo ya mvua nyingi ongeza kokoto ziwe 2. Chekecha mchanga na kokoto kwanza, vumbi utupe, maana ndilo linaloziba njia ya hewa. Jaribu hivi: lowesha mchanganyiko, ukamate konzi, ufungue mkono. Ukibaki donge, haufai; ukimomonyoka, unafaa. Kisha ujaze chunguni na umwage maji: yasitulie juu, yashuke na kuanza kutoka chini ndani ya sekunde chache.

2. Panda ukiwa mkavu. Wakati mzuri ni Agosti mwishoni au Septemba. Acha mmea bila maji wiki nzima kabla ya kuuhamisha. Kunja gazeti liwe mkanda mnene, uuzungushe mmea kama unavyoshika sufuria ya moto, kisha ung'oe taratibu. Kung'uta udongo wa zamani, hasa ule mweusi wa nyuzinyuzi ulioletwa nao kutoka dukani, kwa kuwa ukikauka kabisa hukataa maji na ukilowa hukataa kukauka. Kata mizizi iliyooza. Weka kipande cha chandarua juu ya tundu, udongo, mmea, udongo tena. Shingo ibaki juu kama ilivyokuwa. Adenium unaweza kuinyanyua sm 1 au 2 kila unapoihamisha, tumbo lake lionekane.

*Kosa la kawaida:* kujaza mawe chini ya chungu "ili maji yatoke". Hayasaidii. Maji husimama kwenye udongo ulio juu ya mawe badala ya kushuka, na mizizi inapata nafasi ndogo zaidi. Tundu na mchanganyiko mzuri vinatosha.

3. Subiri siku 7 bila kumwagilia. Mizizi iliyokatika ina vidonda. Ikikutana na maji siku hiyo hiyo, uozo unaingia. Hapa ndipo wengi hushindwa, mkono unawasha.

4. Zoesha jua. Kaktasi inahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 5 hadi 6 kwa siku ili ichanue. Lakini iliyotoka kwenye kivuli cha muuzaji ukiiweka mchana kutwa juani siku ya kwanza itaungua, na baka la kuungua halifutiki. Wiki ya kwanza ipe jua la asubuhi tu mpaka saa nne, wiki ya pili mpaka saa sita, kisha iache.

Upande wa nyumba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Chungu kilicho dirisha la kaskazini kitakuwa kivulini Desemba, wakati kinapohitaji jua zaidi. Nairobi, iliyo karibu na ikweta, pande hizo mbili hugawana mwaka karibu nusu kwa nusu. Upande wa mashariki haubadiliki sana, kwa hiyo kama una uchaguzi, weka huko.

5. Mwagilia kwa kijiti, siyo kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini, kiache dakika 10, kitoe. Kikiwa na unyevu au punje za udongo zimeganda, ondoka. Kikitoka kikavu, subiri siku 2 tena, ndipo umwagilie. Na ukimwagilia, mwagilia kweli: maji yapite chini, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Kudondoshea kijiko kimoja kila siku ni mateso, kwani juu panalowa na mizizi ya chini inakufa kiu.

Kwa makadirio tu: chungu cha udongo cha sm 12 kilicho juani, kiangazi cha pwani, hukauka kwa siku 5 hadi 7. Nyanda za juu ni siku 10 hadi 14. Adenium yenye majani ni mlafi, inaweza kunywa mara 2 kwa wiki kwenye joto kali. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima chenye chumvi huacha utando mweupe juu ya udongo na shingoni. Ukiwa huna mengine, kila mwezi pitisha maji mengi chunguni ili chumvi ishuke.

Masika iwe chini ya paa. Kaktasi haiogopi mvua ya siku moja, inaogopa wiki 3 mfululizo za unyevu usiokauka. Dodoma, Iringa na Mbeya, ambako joto na mvua huja pamoja, paa la plastiki angavu linahitajika Desemba hadi Aprili.

6. Mbolea kidogo. Usitumie urea wala CAN, naitrojeni nyingi huufanya mwili uwe laini na kuchelewesha maua. NPK 17-17-17 inafaa ukiipunguza sana: kijiko cha chai kimoja, kama gramu 5, kwenye lita 10 za maji. Mbolea ya nyanya yenye potasiamu nyingi ni nzuri zaidi, robo ya kipimo kilichoandikwa. Mara moja kwa mwezi, Septemba hadi Februari, na udongo uwe umeshaloweshwa kwanza. Samadi mbichi hapana.

7. Ilaze. Hii ndiyo hatua inayoleta maua, na ndiyo inayorukwa.

Mwishoni mwa Mei mwagilia mara ya mwisho, acha chungu kikauke kabisa. Juni na Julai kaktasi ya nyanda za juu isipewe maji kabisa, ila vile vidogo vya upana wa chini ya sm 4, ambavyo vipewe vijiko 2 vya chakula mara moja kwa mwezi, asubuhi ya siku yenye jua. Zote ziache mahali penye mwanga na baridi. Nairobi, Arusha na Iringa baridi ya usiku inatosha bila kufanya jambo lolote. Mbeya na Njombe, ambako usiku hushuka chini ya nyuzi 10, kaktasi kavu itavumilia, ila Adenium na taji la miiba viingie ndani.

Mmea utakunyamazia. Utasinyaa kidogo, mbavu zitajitokeza, rangi itafifia, wengine watajivuta chini mpaka wawe sawa na udongo. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiuonea huruma wiki ya tano ukaumwagia maji kwenye baridi, umepoteza maua na huenda ukapoteza na mmea: mizizi iliyolala hainywi, maji yanakaa tu.

Pwani ni ngumu zaidi, kwani usiku wa Julai Dar haushuki sana chini ya nyuzi 18. Huko kinachobaki ni ukavu. Mammillaria na Gymnocalycium huitikia. Zile za milima mirefu ya Andes, kama Rebutia, zitakaa kijani miaka yote bila ua. Usilaumu mkono wako, hali ya hewa haiko upande wao. Adenium haihitaji baridi: punguza maji mpaka majani mengi yadondoke, iache hivyo wiki 6, na mwisho wake unaweza kuikata matawi kwa theluthi moja ili itoe machipukizi mengi, maana maua hutoka kwenye ncha changa.

8. Iamshe polepole. Agosti katikati, nyunyiza maji mepesi asubuhi. Baada ya siku 5 nyunyiza tena. Ukiona kichwani pana miiba mipya yenye rangi kali, imeamka, mwagilia kikamilifu. Nyanda zenye ubaridi unaokawia, subiri Septemba.

9. Ukiona tumba, usiguse chungu. Tumba la Echinopsis huanza kama kishada cha manyoya ya kijivu au ya kahawia pembeni mwa mwili, halafu kinarefuka kwa kasi ya kushangaza siku za mwisho. La Mammillaria ni kidoa cha rangi kati ya vinundu. Kuanzia hapo usigeuze chungu, usihamishe, usiache udongo ukauke kabisa, usimwagie maji juu ya matumba. Ukitaka kukipiga picha kikiwa sebuleni, subiri ua lifunguke, kisha ukirudishe nje.

10. Maua yakikauka, yaache yakauke kabisa ndipo uyavute. Yaliyooza kwa unyevu yaondoe mapema, yanaleta ukungu. Usitarajie mbegu kutoka kwa mmea mmoja, kwani kaktasi nyingi na Adenium zinahitaji mwenzake.

Wawili wasiofuata ratiba hii

Malkia wa usiku (Epiphyllum oxypetalum), yule wa mashina bapa kama majani yanayoning'inia na ua jeupe linalofunguka usiku mmoja tu, ni kaktasi ya msituni. Anataka kivuli chepesi, mboji nyingi na maji zaidi. Kalanchoe ya sokoni, yenye vishada vya maua madogo, hutunga maua usiku ukiwa mrefu, na kwetu usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima. Ifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kila siku kwa wiki 6. Taa ya baraza ikiipenyea, umerudi mwanzo.

Uliye Ulaya au Amerika Kaskazini, geuza kalenda: kulala ni Novemba hadi Februari, chumba chenye mwanga kisicho na hita, nyuzi 5 hadi 10. Uliye Muscat au Ghuba, joto linapopita nyuzi 40 kaktasi nyingi husimama kukua. Weka wavu wa kivuli, na mwagilia jioni.

Ikienda vibaya

*Shingo laini, ya kahawia, ina harufu.* Ni uozo. Kata juu yake kwa kisu kilichopanguswa spiriti, endelea kukata vipande vyembamba mpaka usione hata kiduara cha kahawia katikati. Acha kidonda kivulini wiki 2 kijitengenezee gamba, kisha kiweke juu ya mchanga mkavu. Usimwagilie mpaka mizizi itoke.

*Chini pagumu, pana rangi ya gome.* Huo ni uzee, si ugonjwa. Ukibonyeza hapabonyei.

*Ncha nyembamba, ya kijani mpauko, imerefuka kama kidole.* Inatafuta mwanga. Sehemu hiyo hainenepi tena. Izoeshe jua, au ikate uipande upya.

*Pamba nyeupe kwenye mikunjo.* Hao ni wadudu, vidung'ata. Wapake spiriti kwa pamba, kivulini, rudia kila siku 5 mara 3 au 4. Mmea ukidumaa bila sababu, utoe chunguni: unga mweupe kwenye mizizi ni vidung'ata vya chini. Osha mizizi yote, choma udongo ule, panda upya.

*Vidukari vya njano kwenye Adenium.* Maji ya bomba kwa nguvu, kisha kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, jioni. Suuza kesho yake.

*Tumbo la Adenium limelegea.* Chomeka kijiti. Udongo mkavu: ina kiu, itakaza ndani ya siku chache. Udongo mbichi: inaoza, itoe leo. Vaa glavu unapoikata. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na baadhi ya wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka mishale yao. Mbuzi na watoto wasiifikie.

*Matumba yamekauka na kudondoka.* Chungu kilihamishwa, au udongo ulikauka kabisa, au ulilowa siku nyingi. Mwaka huu basi.

*Vipande ulivyokata hutaki kupanda.* Vikaushe juu ya bati mpaka viwe makapi, kisha vichome. Usivitupe jalalani wala kichakani, hasa mpungate (Opuntia): kipande kimoja kikigusa udongo kinaota, na Laikipia nchini Kenya mipungate ya kigeni imeshafunika malisho ya ng'ombe na mbuzi.